Rangi ya Kucha Kwenye Skrubu

Gari la mahabusu lilikuwa limeshavuka geti na kushika lami pale Mbonigaba alipobandika uso kwenye wavu wa dirisha la nyuma na kupiga kelele.

"Afande! Rangi! Angalia rangi yangu!"

Askari aliyekaa naye akamvuta chini. Gari likaipita moto, yaani pikipiki, moja ya abiria, likapinda, likapotea. Rugwiro akabaki getini na kikombe cha chai mkononi, akijiuliza ni rangi gani anayosemewa.

Alikuwa mpelelezi kwa miaka kumi na minne. Alizaliwa na kukulia Karagwe, upande wa Tanzania, na mpaka leo watu wa Gisenyi, huku Rwanda, walimcheka kwa Kiswahili chake kilichonyooka. Fundi aliyeondoka na gari lile alimkamata kwa mkono wake mwenyewe, Alhamisi iliyopita.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, Gwiza binti Sebagabo, mganga wa mifugo wa ushirika wa maziwa, alikuwa anateremka kutoka Kanama juu ya pikipiki ya magurudumu manne, kuukuu, ya kijani, ambayo wenyeji waliiita Gikeri, yaani chura, kwa jinsi ilivyorukaruka kwenye mawe. Kwenye kona ya pili hakuweza kusimama. Mashine ilimfuata bondeni ikamlalia. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na kwenye sanduku la nyuma mlikuwa na chanjo za ndama arobaini.

Rugwiro alifika mvua ikinyesha, akaandika mistari minne: breki ya mbele haikushika, waya wa breki ya nyuma umekatika, fundi Mbonigaba ndiye aliyeitengeneza wiki tatu nyuma, fundi hakutimiza kazi yake. Aliandika amesimama, daftari chini ya mwavuli wa mtu. Baba wa marehemu akaongeza lake, kwamba breki zilianza kulegea tangu mkono wa fundi ulipozigusa. Faili likanenepa kwa maneno hayo mawili tu.

Immy, mkuu wake, mama mfupi aliyekulia Mbarara, Uganda, alitoka ofisini na funguo mkononi.

"Unangoja nini hapo getini?"

"Nataka kuitazama ile mashine tena, bosi."

"Rugwiro, please. Mwendesha mashtaka anaisoma faili saa kumi. Akishaipiga muhuri, huyo mtu anaenda kortini na mimi sirudi nyuma kumtafuta."

"Siku ile sikuinama, bosi."

Immy akazitia funguo mfukoni. "Saa kumi," akasema. "Si saa kumi na dakika moja."

Saa moja na nusu Rugwiro alikuwa Mbugangari, mbele ya karakana ya Mbonigaba. Kwenye mlango wa bati mtu alikuwa ameandika kwa mkaa neno moja, muuaji, na mtu mwingine alijaribu kulifuta kwa maji, likazidi kutapakaa. Nyirasafari, mke wa fundi, alikuwa amekaa juu ya tairi, mikono mapajani.

"Karibu, afande. Bado munataka kubeba kitu gani? Bwana mulibeba. Funguo mulibeba. Iko hii tairi tu, nayo nimeikalia."

"Mama, mumeo amenipigia kelele toka kwenye gari. Anasema niangalie rangi."

"Siku tano, leo njo unauliza?"

"Leo ndiyo nauliza."

"Unaongea muzuri sawa radio." Akatema mate pembeni. "Radio nayo haisikiaka mutu."

Rugwiro alikaa juu ya kopo la rangi lililogeuzwa, akangoja. Mama yule alipoona mgeni haondoki, akainuka, akaingia ndani, akarudi na chupa ndogo kama ya dawa ya macho. Rangi ya kucha, nyekundu, imebaki robo.

"Hii ni vernis yangu. Nilinunua kwa harusi ya dada yangu, akanipokonya. Kila visi akikaza, hizi skrubu, kila nati, anapiga mustari moja, nusu juu ya visi, nusu juu ya chuma. Mutu mwingine akifungua, mustari inakatika. Hata ukirudisha namna gani, haiungane tena. Mi nilimuchekaka, nikamuambia, we, unapaka mashini kucha? Akaniambia, Nyirasafari, siku moja batasema ni mi."

"Na Gikeri aliifanyia nini siku ile?"

"Alitoa mafuta ya frein, ya breki, yote ya zamani, akatia mupya. Akatia mipira mupya ndani ya frein ya mbele. Ile waya ya nyuma aliona kutu inaanza. Akamuambia ule mutoto Gwiza, rudi Jumatatu, nitakupatia ingine. Mutoto hakurudi. Alikuwa na chanjo yake."

"Kutu ilitoka wapi? Mashine ilikuwa safi."

"Safi?" Kwa mara ya kwanza Nyirasafari alicheka, kicheko kikavu. "Ile Gikeri inaogaka kupita bibi-harusi!"

Rugwiro aliomba vitu vitatu: chupa ya mafuta ya breki iliyofunguliwa siku ile, mipira miwili mipya ya aina ileile, na ile rangi. Akamwandikia karatasi ya kupokea. Nyirasafari aliisoma mara mbili kabla ya kuikunja na kuitia kifuani.

Mashine ilikuwa imeegeshwa nyuma ya kituo, chini ya turubai. Rugwiro alivua koti, akapiga magoti kwenye changarawe.

Alianza chini. Nati za magurudumu, nne kila gurudumu. Juu ya kila moja, mstari mwekundu, mwembamba, mzima. Kizibo cha mafuta ya injini, mstari mzima. Skrubu za chujio la hewa, nzima. Bila kuzifungua, alipitisha kidole ndani ya chujio. Sifongo lake lilikuwa limefuliwa na kupakwa mafuta kidogo, kama inavyotakiwa. Mnyororo ulikuwa na grisi mpya, tena grisi iliyofutwa ziada yake kwa kitambaa. Upepo wa matairi aliupima na kuukuta sawa, isipokuwa tairi moja lililopasuka kwa kuanguka. Chini ya kiti hapakuwa na tope isipokuwa la siku ya ajali, na chini ya hilo hapakuwa na la zamani.

Hapo alisimama kidogo. Mashine iliyotelekezwa haina hali hii. Mtu alikuwa anaitunza kila siku.

Breki ya nyuma ilikuwa ya waya. Alichana ganda lake kwa kisu. Waya ulikuwa umeoza pale chini kabisa ganda lilipopinda, mahali ambapo maji yakiingia hayana pa kutokea. Sehemu nyingine yote ilikuwa inang'aa. Waya ulikatikia kwenye kutu hiyo.

Kisha akafika kwenye usukani. Upande wa kulia, juu ya mkono wa breki ya mbele, kuna kikopo kidogo cha mafuta ya breki, na kifuniko chake kimeshikwa na skrubu mbili. Juu ya kila skrubu kulikuwa na nusu ya mstari mwekundu, na nusu ya pili ilikuwa juu ya kifuniko. Nusu hizo hazikutazamana. Moja ilikuwa imepita kwa unene wa ukucha.

Alihesabu upya mashine yote. Mistari ishirini na sita mizima. Miwili imekatika.

Alipofungua kifuniko, ule mpira mwembamba unaokaa chini yake, uliokunjwa kama kinanda cha mkono, uliruka nje wenyewe. Ulikuwa umetanuka, umepindapinda kama sikio. Alijaribu kuurudisha mahali pake, haukuingia. Mafuta ndani yalikuwa tabaka mbili. Chini, ya manjano hafifu kama chai iliyokosa majani. Juu, yanaelea, ya buluu.

Kwenye sanduku la chanjo bado mlikuwa na bomba za sindano za Gwiza, hazijafunguliwa. Alichukua moja, akavuta yale ya buluu yote, na mengine akayapata kwa kufungua breki za magurudumu. Ndani ya breki, mipira aliyoitia Mbonigaba ilikuwa mipana na laini, inabonyea kama mkate uliolowa chai. Mpira wa namna hiyo hausukumi kitu.

Akaomba glasi mbili jikoni. Glasi moja akaitia mafuta ya breki ya Mbonigaba, nyingine yale ya buluu. Mipira miwili mipya aliipima kwanza kwa kizibo cha soda: yote iliingia kizibani bila shida. Akatumbukiza mmoja huku, mmoja kule, akaandika saa kwenye karatasi, saa tatu na dakika kumi, akaziweka juu ya boneti ya gari la Immy, juani.

"Gari langu limekuwa dispensari?" Immy akauliza dirishani.

"Kuna mtu alifungua kikopo cha breki baada ya fundi, bosi. Akatia kitu ambacho si mafuta ya breki."

Immy akasema jina ambalo Rugwiro naye alikuwa anaanza kulifikiria. "Kenny."

Kenny alikuwa dereva wa lori la maziwa la ushirika. Miezi miwili nyuma Gwiza alipima maziwa ya lori lake, akakuta maji, akaandika. Kenny alisimamishwa wiki nzima na kuapa mbele ya watu kwamba mwanamke yule atajuta. Isitoshe, Kenny hutembea na bisibisi mfukoni.

Rugwiro alimkuta anasuuza makopo ya maziwa. Mtu wa makamo, kofia nyuma, naye alikulia Uganda. Alipoona kitambulisho aliweka kopo chini taratibu.

"Ndiyo, tulikosana, afande. Alinichoma kwa mabosi. Na kweli maji nilitia, siwezi kubisha. Lakini kumuua mtu kwa ajili ya maji? Eh!"

"Bisibisi yako."

Akaitoa. Ilikuwa ya bapa. Skrubu za kifuniko zilikuwa za nyota, na hazikuwa na mkwaruzo.

"Ninyi mlikuwa mnaegesha pamoja?"

"Wapi! Gikeri hailali ushirika. Usiku inalala kwa baba yake Gwiza, mchana iko vilimani. Mi ningeipata wapi? Labda nipande juu ya mgongo wa ng'ombe."

Rugwiro alitoa ile bomba ya sindano. Kenny aliitazama dhidi ya mwanga, akaomba tone moja, akalisugua kati ya vidole, akanusa.

"Yangu ya lori ni nyeusi, njoo uone. Hii, boss..." Akanusa tena. Uso ukabadilika, na mzaha ukamtoka. "Hii ni ya boti. Wanachanganya na petroli kwenye zile injini za nyuma. Nenda ziwani, utanusa mwenyewe."

Rugwiro hakuhitaji kwenda ziwani kunusa. Alijua Sebagabo, baba wa marehemu, alikuwa anaendesha injini ya boti gani. Ile ya mizigo, ya kwenda Kibuye, kwa miaka kumi na tisa.

Saa tisa kasorobo alirudi kwenye boneti. Mpira wa glasi ya kwanza uliingia kizibani kama asubuhi. Wa pili haukuingia. Aliusukuma kwa kidole gumba, ukakunjamana, ukakataa. Akaifunga yote miwili kwenye karatasi, kila mmoja na saa yake.

Kwa Sebagabo bado mabenchi ya msiba yalikuwa uani, ingawa waombolezaji walibaki wachache. Mzee mrefu, mikono yenye makovu ya kuungua na bomba la moshi. Mkewe, Mukagatare, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo bila kuyatazama.

"Karibu, mwana yangu," akasema Sebagabo. "Ule fundi, mulishamupeleka?"

"Ameondoka asubuhi, Muzehe."

"Bon. Azeekee kulekule."

"Nina swali dogo la faili. Hapa nyumbani, mashine alikuwa anaitunza nani?"

Mzee alikaa wima. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tano mtu kumwuliza jambo analolijua.

"Mi. Nani mwingine? Asubuhi, mbele mutoto hajaamuka, mi napima upepo ya pineu, tairi zote. Naangalia mafuta ya injini. Munyororo, kila juma, grisi. Ile éponge, sifongo ya hewa, nafua na sabuni, naianika. Jioni, naiosha."

"Ndoo sita," Mukagatare akadakia. "Ndoo sita za maji, kila jioni, mvua isinyeshe, inyeshe. Polisi ya barabarani bangemukamata mutoto na matope, anasema. Mi miaka makumi tatu ya ndoa, hajanibebea ndoo moja."

"Nyamaza, mama. Afande anaandika."

Rugwiro alikuwa anaandika kweli. Akauliza bila kuinua kichwa. "Na breki?"

"Breki niligusa mara moja tu. Ile Jumamosi ya mwisho ya mwezi."

"Ya umuganda, siku ya kazi za mtaa."

"Njo hiyo. Batu bote na majembe inje, hakuna duka, hakuna garage, mpaka saa tano. Na mutoto saa tano iko na mukutano Nyakiriba, umuganda ikiisha batu banakaa pamoja, njo angebaambia habari ya chanjo. Akaniambia, Papa, breki inakuwa laini kidogo. Nikafungua ile kikopo. Mafuta ilishuka, unaona? Ule fundi mulevi hakujaza. Bon, mi nifanye nini? Nikasema mafuta ni mafuta. Nilikuwa na ya boti, kopo nzima, mupya, sijafungua. Ya muzuri kabisa, si ile ya bei ya chini. Nikajaza." Akatabasamu kidogo, macho yakiwa mbali. "Akapiga breki, ikakuwa nguvu. Akacheka. Akaniambia, Papa, we njo fundi yangu. Andika na hiyo, afande. Waone kwamba kwa baba yake iliangaliwa."

Kalamu ya Rugwiro ilisimama. Mafuta kwenye kikopo hushuka kadiri breki zinavyolika. Mbonigaba alijaza sawasawa, na wiki mbili na ushei za milima zilifanya kazi yake. Hilo halikuwa na ubaya wowote. Lilihitaji tu kungojwa mpaka saa tano, milango ifunguliwe.

Mukagatare aliacha maharage. Alikuwa anaitazama kalamu.

Rugwiro alifungua karatasi mbili juu ya benchi. "Huu umekaa kwenye mafuta ya breki tangu saa tatu asubuhi, Muzehe. Na huu umekaa kwenye yale yaliyokuwa ndani ya Gikeri."

Sebagabo alichukua wa kwanza, akaubonyeza. Akachukua wa pili. Alikuwa mtu wa injini. Hakuuliza ni nini. Vidole vyake viliuzungusha ule mpira, vikaubonyeza, vikauachia, vikaubonyeza tena. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono wa pili: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Alipofika Alhamisi hakukunja kidole.

"Nini?" Mukagatare akasema. "Ni nini hiyo? Muniambie."

Akamtazama mumewe, akatazama mpira, akatazama kona ya ua palipokuwa na kopo la buluu limesimama kando ya ndoo.

"Mana yanjye, Mungu yangu," akasema polepole. "Siku tano umenifanya nimuchukie Mbonigaba. Siku tano nimelala nikimulaani, na bibi yake, na batoto yake."

Akainuka. Ungo ukaanguka. Akaingia ndani na kufunga mlango kwa komeo.

"Muzehe," Rugwiro akasema, "sheria inakuruhusu usiseme zaidi. Ukitaka wakili..."

"Ukiandika hii, jina ya fundi inatoka?"

"Inatoka."

"Mahali pake inaingia ya nani?"

Sebagabo aliweka mpira juu ya benchi, sawasawa, kama kitu cha kuvunjika.

"We ile siku uliangalia mashini?"

"Niliiangalia."

"Ulifungua kifuniko?"

"Sikufungua."

"Donc, basi tuko wawili," mzee akasema, akanyoosha mkono apewe kalamu.

Rugwiro alimsomea maelezo yote, neno kwa neno, pamoja na lile la Gwiza, we njo fundi yangu, maana sheria inataka yasomwe yote. Sebagabo akatia sahihi. Saa kumi kasoro dakika sita karatasi ilikuwa mezani kwa mwendesha mashtaka, na chini yake karatasi nyingine ambayo Rugwiro aliiandika barabarani juu ya goti, kwamba ripoti ya kwanza ilikuwa yake na ilikuwa na makosa. Immy alikuwa ameisoma kwanza ile ya pili. "Hii hukuombwa," akasema. Hakuirudisha.

Mbonigaba aliachiwa siku ya tisa, kwa kuwa karatasi ya kuachia ilihitaji sahihi ya mtu aliyekuwa safarini. Karakana ya Mbugangari hakuifungua tena. Anatengeneza moto za abiria huko Kanama, kando ya barabara, na haweki alama kwenye skrubu. Nyirasafari alidai chupa yake ya rangi, akarudishiwa, imekauka. Yeye na Rugwiro hawasalimiani.

Faili lilifungwa kwa neno ajali. Sebagabo hakushtakiwa. Aliacha kazi ya boti mwezi huohuo, na watu wa ziwani wakiwa na injini iliyogoma hawampelekei. Mukagatare anaishi kwa dada yake Nyakiriba.

Kenny bado anaendesha lori la maziwa. Immy alihamishiwa Kigali kwa cheo. Rugwiro alipewa barua ya onyo, iko kwenye jalada lake.

Gikeri ilikaa chini ya turubai mpaka msimu wa mvua ukaisha, kisha ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Mistari yote ambayo Rugwiro hakuivunja ilikuwa bado mizima.

Ndama wa Kanama walichanjwa baada ya wiki saba, wale waliobaki. Aliyewachanja alikuja kwa miguu.